Nyuzi za Vikombe Vinne

4 Mei

Chiriku, mwanangu,

Mama yako mdogo hakuleta mafua ndani ya nyumba yetu. Nimelijua jambo hili tangu wiki aliyokufa mama yako, na nimelificha miaka thelathini na moja. Nimelitanguliza mbele ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama nilivyofanya katika barua zote nilizowahi kukuandikia.

Sasa salamu. Hujambo? Wajukuu zangu hawajambo? Kiwandani mnaendeleaje na ugonjwa huu? Mimi nipo, kifua ndicho hakipo. Daktari alikuja wiki iliyopita, akanisikiliza mgongo, akaandika, akasikiliza tena, kisha akamvuta mhudumu wangu pembeni ya mlango. Masikio yangu ni mabovu lakini macho bado yanaona mtu anapotikisa kichwa.

Hapa mtaani hatujui tushike lipi. Asubuhi redio inasema tufungue madirisha, jioni anakuja mtaalamu mwingine anasema tuyafunge. Jirani wa juu anatembea na vipande vya kitunguu ndani ya soksi, na kwa kuwa hajaugua, ngazi nzima sasa inanuka kitunguu. Mhudumu wangu haruhusu mtu kuvuka kizingiti, na barua zako anazipiga pasi kabla ya kunipa. Ile ya mwisho aliiunguza kona, ndiyo maana mpaka leo sijui kama kijana wako alifaulu mtihani au alifeli. Nilipolalamika alisema afadhali iungue karatasi kuliko mapafu yangu. 

Nina ombi moja. Mama yako mdogo anakaa mitaa miwili tu kutoka kwako. Nenda kamwone. Si lazima uingie ndani. Siku hizi hata wanaopendana wanaongea wakiwa mbalimbali. Mwambie nimekuambia. Sitaki kufa jina lake likiwa bado chafu.

Usidhani nimechanganyikiwa. Nimechanganyikiwa juu ya mengi, tarehe ikiwa mojawapo, lakini si juu ya hili.

Baba yako


13 Mei

Shikamoo Baba,

Natumaini hujashikwa na homa. Nauliza kwa dhati, maana nimeisoma barua yako mara nne nikitafuta mahali homa inapoanzia. Sisi hatujambo. Kijana alifaulu, na safari hii nimeandika katikati ya ukurasa, mbali na pasi.

Kiwandani hatushoni tena sare za shule, tunashona barakoa. Kati ya cherehani na cherehani wameondoa moja, kwa hiyo tunapigiana kelele kama watu wa ng'ambo mbili za mto. Mlinzi getini amepewa kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso. Jana kilinisoma digrii thelathini na mbili. Nikamwambia kwa kipimo hicho mimi ni maiti. Akasema maiti ruhusa kuingia, wenye homa ndio hawaingii.

Baba, mama mdogo nimemwona. Ni wiki tatu sasa, kwenye foleni ya duka la dawa. Wamechora miduara ya chaki barabarani, kila mtu na wake. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu akapiga chafya ndani ya barakoa, na foleni yote ikarudi nyuma kama nguo inayokunjwa. Mzee mmoja akamwambia akapige chafya kwake. Yule mwanamke akageuka kutuomba radhi, nikaona macho ya mama. Nikampa kisogo. Nilisema moyoni: ni yeye yule, bado anasambaza.

Sasa wewe unaniambia siye. Nilikuwa na miaka tisa, lakini si mimi niliyesema? Siku ya msiba wajomba walipouliza ugonjwa ulipitia wapi wakati nyumba yetu, nyumba ya mwalimu mkuu, ndiyo iliyokuwa na masharti kuliko zote, mimi ndiye niliyejibu. Ulikuwa umetufungia nyuzi kwenye vishikio vya vikombe ili tusichangie: mwekundu wa mama, wa buluu wako, wa kijani wangu, wa njano wa mgeni. Nikasema nilimwona mama mdogo, aliyefika na vumbi la safari na chafya zake, akinywa kwenye kikombe chenye uzi mwekundu.  Wewe ukaniwekea mkono kichwani ukasema, "Mtoto huyu hasemi uongo." Mama mdogo akachukua begi lake akaondoka, chai yake ikiwa bado inatoa moshi.

Sentensi yako ile nimeitunza kama cheti. Nimewalea watoto wangu nayo. Kwa hiyo nieleze polepole: nilichokiona nilikiona au sikukiona?

Binti yako, Chiriku


22 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa kazi. Habari njema za kijana nimezipokea bila kuungua. Mimi nakohoa usiku, mchana napumzika kukohoa.

Umeuliza ulikiona au hukukiona. Uliona mama yako mdogo akinywa maji, hilo ni kweli. Uzi mwekundu hukuuona. Wiki ile hakukuwa na uzi mwekundu ndani ya nyumba yetu.

Unakumbuka nilivyokuwa. Mafua yalipoingia mjini nilichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya tahadhari ya mtaa, nikapewa kipaza sauti. Nilipita kila jioni kuwaambia watu wasipeane mikono, wachemshe vitambaa, wasichangie vyombo. Walinicheka kisha wakanitii, na mtu aliyechekwa kisha akatiiwa huvimba kichwa. Nikaanza kutafuta uchafu mahali ambapo hakuna mwingine aliyefikiria kuutafuta. Jumamosi moja nilitazama zile nyuzi nikajiambia: vikombe tunaviosha, nyuzi je? Vidole vya kila mtu vinashika uzi kutwa mara kumi. Nikazifungua zote, nikazitia kwenye bakuli la klorini, nikaenda mkutanoni.

Niliporudi zilikuwa zimekauka pembeni mwa bakuli, mama yako alikuwa amezitoa. Hazikuwa na rangi. Nyekundu, buluu, kijani na njano zote zilikuwa zimekuwa rangi moja, ile ya meno ya mtu mzima. Mama yako aliniuliza sasa tutajuaje. Mimi, niliyekuwa nafundisha watu wazima kunawa mikono, sikutaka kusema kwamba nimeharibu. Nikamwambia navijua vikombe vyangu kwa mikwaruzo. Nikazifunga tena. Nilifunga kwa kubahatisha, Chiriku. Nilivitazama vile vikombe vinne vya bati, vyote sawa, nikagawa kama mtu anayegawa karata.

Kwa hiyo kuanzia Jumamosi ile hakuna aliyejua anakunywa kikombe cha nani. Mama yako mdogo alifika Jumatano. Nadhani wewe ulikuwa umezoea kuona uzi ukijua kuwa kilicho karibu na mama ni chekundu, na jicho la mtoto likakipaka rangi. Hukusema uongo. Ila hakikuwa kikombe cha mama yako. Huenda kilikuwa. Mimi mwenyewe sijui, na hilo ndilo linalonitesa ninapojaribu kulipanga.

Aliyeleta ugonjwa nitaandika siku nyingine. Mhudumu amesimama hapa na beseni la mvuke na taulo, na akiwa na taulo mkononi habishani na mtu.

Baba yako


30 Mei

Shikamoo Baba,

Nakusalimu kwa kifupi, unisamehe. Watoto wazima.

Nimejaribu kuuona tena ule uzi. Nafumba macho, naona jikoni, naona mkono wa mama mdogo, naona kikombe. Uzi kila mara una rangi nyingine. Juzi ulikuwa wa kijani. Nilikuwa na hakika na uzi ule kuliko ninavyokumbuka sauti ya mama, na sasa sijui nilicho na hakika nacho.

Jumapili nilikwenda. Anakaa chumba cha chini chenye dirisha la barabarani, anashona vifungo na kurekebisha zipu. Nilivaa barakoa mbili. Nilibisha dirishani, akafungua nusu, akaniambia nirudi hatua mbili kwa sababu amekuwa akikohoa na hataki tena kusingiziwa. Alisema hivyo akicheka, Baba. Mimi nilikosa pa kuweka uso wangu.

Nilimwambia umeniandikia. Nikamweleza habari ya klorini. Alinisikiliza huku akitia uzi kwenye sindano, akauliza kama unaweza bado kupanda ngazi. Nikamuuliza, kama si yeye, basi ni nani, na kwa nini siku ile hakujitetea hata kwa neno moja.  Kuna mama alipita na mtoto, akatuona tunaongea dirishani, akavuka kwenda upande wa pili wa barabara.

Ndipo mama mdogo akasema, "Mimi nilimwachia baba yako aseme. Wewe ulikuwa mtoto, na mtoto anahitaji abakiwe na mzazi mmoja." Nilimwomba anifafanulie, akasema swali la nyumba yako liulizwe nyumbani kwako. Alinipitishia dirishani koti la kijana wangu, zipu imeshatengenezwa, ambalo sikujua hata kwamba mke wa jirani alimpelekea, na akakataa nimlipe.

Nimerudi sielewi. Nimeshika maneno yake upande huu na yako upande ule na hayafungamani. Kila nikitaka kuyafunganisha linatokea jambo moja ambalo sitaki kulifikiria. Usiniandikie tena habari za kikombe. Niambie nani.

Chiriku


19 Juni

Mwanangu Chiriku,

Nisamehe kwa kukawia. Siku kumi na moja sikuweza kushika kalamu, na mhudumu alitaka nimtajie yeye aandike. Nilikataa. Mambo haya hayapitii mkono wa mtu mwingine. Ukiona mistari inapanda na kushuka, ni mkono, si akili. Salamu kwa watoto. Kwa mama yako mdogo sina salamu inayotosha.

Shuleni tulikuwa na kipimajoto kimoja cha kioo, tukikichovya kwenye spiriti kati ya mtu na mtu. Kila asubuhi kabla ya kuwapima walimu na wanafunzi nilijipima mwenyewe mbele ya mstari na kuisoma namba kwa sauti, ili wasione haya. Walimu watatu nilikuwa nimewarudisha nyumbani kwa sababu ya nyuzijoto chache tu, mmoja wao akilia kwamba mshahara wake utakatwa. Jumatatu, siku mbili kabla mama yako mdogo hajafika, nilijipima kwapani mbele ya shule nzima. Nikasoma thelathini na sita na nusu. Kioo kilikuwa kinasema thelathini na tisa.

Wakaguzi walikuwa waje Jumatano ya wiki iliyofuata, kuangalia shule ya mfano. Nilimeza vidonge asubuhi na mchana, nikajikaza. Nyumbani nilikunywa kwenye kikombe nilichokiita changu. Mama yako alikunywa kwenye alichokiita chake.

Jumatano jioni mama yako mdogo alifika, akanikuta nyuma ya nyumba nimeegemea ukuta, vidonge mkononi, natetemeka kwenye joto la saa kumi. Alinigusa shingo kabla sijamzuia. Akataka kwenda kumwambia dada yake alale chumba kingine. Nilimzuia. Nilimwambia ni uchovu tu. Kisha, kwa kuwa alikuwa na akili na hakuamini, nilimwomba anyamaze wiki moja, mpaka wakaguzi wapite. Nilimwita shemeji yangu mpenzi. Sikuwa nimewahi kumwita hivyo. Akaahidi, kwa sharti kwamba nisikaribie jikoni.

Alhamisi usiku mama yako alishikwa. Mimi homa ilikuwa imeanza kuniachia. Yeye haikumwachia. Mama yako mdogo alimkanda, alimlisha, alimgeuza, na kikombe ulichokiona ni cha maji aliyokuwa akiyaonja kama si ya moto sana kabla ya kumpa. Jumanne mama yako akafariki. Wakaguzi hawakuja, walituma rambirambi.

Msiba tuliukaa Jumatano. Hesabu siku, wewe ni hodari wa kuhesabu. Wiki niliyomwomba ilikuwa imekwisha siku ileile, na ahadi haikumfunga tena. Wajomba zako walipouliza, wewe ukajibu ulichojibu, na watu wote wakamgeukia yeye. Yeye hakuwatazama hao. Alinitazama mimi. Hakuwa na hasira usoni, nakuapia. Alikuwa anangoja tu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilikuona umesimama katikati ya watu, mdogo, umejiamini, na nikaona kwamba njia ya kutokea ni wewe. Ndipo nikakuwekea mkono kichwani na kusema ile sentensi unayoitunza. Nilipokuwa naisema nilijua kwamba uzi mwekundu haukuwepo, na kwamba aliyeleta ugonjwa ni mimi.

Baba yako