Kadi Uliyomwachia Riyama

Kiponda, Unguja
11 Machi 2005

Kwako kaka yangu Hashil,

Shikamoo. Nnaomba barua hii ikukute na afya, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi ya huko kiwe kimeshatulia. Sisi hapa miili ni mizima. Bi mkubwa bado anapanda ngazi mwenyewe mpaka juu kuanika nguo, ingawa magoti yanamsumbua, na kila akisikia mtu katoka Maskati humwuliza kama amekuona na kama umenenepa. Mvua za vuli zilivuja chumbani kwako, nimeshaziba. Jirani yetu Bi Mwanakhamis anakusalimu sana.

Barua yako aliyoileta Bi Shemsa imefika, pamoja na fedha za mahari ulizozitia ndani. Umeniandikia kuwa utakuja likizo mwezi wa saba, na kwamba nianze kukutafutia mchumba: msichana wa mjini, mwenye skuli yake, na zaidi ya yote mwaminifu, kwa sababu mara hii hutaki mwizi ndani ya nyumba. Neno hilo nimelisoma mara nyingi. Ningeweza kukujibu kwa kompyuta, maana nakaa mbele yake kutwa, lakini ulishanambia kuwa barua za namna hiyo zikifika ofisini kwenu zinasomwa na kila mtu. Haya nataka uyasome peke yako.

Unajua kuwa nafanya kazi katika duka la intaneti la Mkadam, kompyuta sita na feni moja. Usilolijua ni kazi niliyoifanya humo baada ya ile ya mshahara. Mwaka 2003 alirudi kutoka Dubai mtu mmoja anaitwa Usi, mpenzi wa mpira kama sisi, akatuonyesha kampuni ya ng'ambo inayochezesha kamari ya mpira kwa mtandao. Unasema timu gani itashinda, unaweka fedha, ukipatia unalipwa. Barazani petu kila mmoja alijiona anaujua mpira wa Uingereza kuliko Waingereza wenyewe, kwa hivyo kutabiri hakukumtisha mtu. Kilichotushinda ni namna ya kuzifikisha fedha huko.

Hapo ndipo nilipojiona mjuzi. Nilinunua daftari nikaanza kuzichunguza njia moja moja. Ya kwanza ilikuwa kupeleka kwa ofisi ya kutuma fedha, kwa jina la mtu asiyejulikana katika nchi ambayo hata Usi hakujua iko wapi. Karani wa kike aliniuliza huyo ninayempelekea ni nani wangu, nikamjibu ni mjomba. Akalitazama lile jina la Kizungu, akanitazama mimi, akaniuliza kama mama yangu analijua hilo. Fedha zilifika, lakini ada ilikula robo yake. Njia ya pili ilikuwa hundi ya benki kwa posta. Ilikaa njiani siku arubaini, na mechi niliyoikusudia ilikuwa imeshasahauliwa. Ya tatu ilikuwa mkoba wa mtandaoni, kampuni nyengine kabisa ambayo kazi yake ni kushika fedha za mtu na kumlipia popote atakapo. Ada yake ndogo, fedha zinafika papo hapo, wala hakuna karani wa kukuuliza mjomba. Ila mkoba huo haukukubali fedha taslimu. Ulitaka nambari za kadi ya benki ya nje, na jina na anwani ya mwenye kadi.

Yote hayo niliyaandika: ada, siku, maswali wanayouliza. Watu wakawa wananijia kutaka ushauri kama wanavyomwendea daktari, na mimi nikawa nawajibu kwa sauti ya daktari. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama jambo lenyewe ni halali, na mimi sikujiuliza. Kitu kimoja sikukiandika kwa sababu nilikuwa bado sijakijua, nacho ni kuwa njia zote zina mlango mpana wa kuingizia na tundu la sindano la kutolea.

Mpaka mwisho wa mwaka ule nilikuwa nimeshapoteza akiba yangu yote, na ile ya Bi mkubwa ya kutengenezea ngazi. Yeye nilimwambia fundi kaahirisha. Nilikuwa sichezi tena timu ninazozijua. Siku moja Jumatano mchana niliweka fedha kwenye mechi ya Norwe, timu mbili ambazo majina yao nilikuwa siwezi kuyatamka, kwa sababu tu saa ile palikuwa hapana mechi nyengine duniani.

Sasa kaka, nakuja kwa lile lililonikalisha kuandika.

Januari ya mwaka jana benki yako ilimpelekea Riyama, wakati huo bado mkeo, barua kwa Kiingereza kuhusu ile kadi ya pili uliyomwachia kwa dharura za mtoto. Riyama Kiingereza hakijui. Alinijia dukani na barua na kadi yenyewe, akaniomba nimsomee. Nilimwambia aniachie nimalize kazi, aende sokoni kisha apite. Alipokwenda niliifunika kadi kwa daftari, nikazinakili nambari za mbele na zile tatu za nyuma. Aliporudi nilimsomea barua yake vizuri, ilikuwa inasema tu kadi inaisha muda mwakani, nikamkabidhi vyote. Aliniombea dua kwa kumsaidia.

Usiku ule ule niliufungua mkoba kwa jina lako, Hashil, na kwa sanduku lako la posta la Maskati. Ni mimi. Riyama hakuwa na mwanamme mwengine, wala hakuitoa kadi ile mkononi mwake ila siku hiyo, kwa shemeji yake, amsomee barua.

Nilijidanganya kuwa nakopa. Mwezi wa tatu nilishinda fedha nyingi, zaidi ya zote nilizokuchukulia, nikasema namrejeshea kaka kabla hajajua. Mkoba ukaniandikia kuwa kuzitoa lazima wapate nakala ya pasipoti yako na bili ya umeme ya nyumba yako ya Maskati. Kuingiza hawakuuliza chochote. Nilizitazama fedha zile wiki nzima, ziko kwa jina lako na siwezi kuzigusa isipokuwa kuzichezea tena. Nikazichezea mpaka zikamalizika.

Mwezi wa tano ikakufikia karatasi ya hesabu ya mkoba ule kwenye sanduku lako, na majina ya makampuni ya kamari juu yake. Najua ulivyoadhirika, ulinieleza mwenyewe kwa simu, jinsi yule kijana wa benki mnayesali msikiti mmoja alivyokwambia kwa upole kuwa mambo hayo huko kwenu hayafai. Ukamwuliza Riyama. Akakujibu kuwa kadi aliwahi kumpa Talal, yaani mimi, amsomee barua, basi. Ukanipigia mimi. Bi mkubwa alikuwa amekaa pembeni yangu anachambua mchele. Ukaniuliza, na mimi nikakwambia: "Wallahi kaka, kadi hiyo mimi sijaiona kwa macho yangu."

Ukaamini. Ulisema mwanamke aliyezaliwa Nungwi hajui hata kuiwasha kompyuta, kwa hivyo yuko mwanamme anayemfanyia, na kwa kuwa si mimi, basi ni mwengine. Nikakuaga, nikakata simu. Wiki mbili baadaye karatasi ya talaka uliileta kwa mkono wangu, na mimi ndiye niliyepanda ngazi kumpa. Aliisoma kwa kusimama. Kisha alianza kukunja nguo za mwanenu Kawthar, nguo moja moja, na wakati wote ule hakunitazama. Bi mkubwa alilia ukumbini, akinambia mimi, mwanawe mwema, kuwa watu hawajulikani.

Tangu hapo nshaacha kucheza, lakini sitaki unisifu kwa hilo, maana niliacha kwa kukosa fedha kabla sijaacha kwa kujuta. Nimenyamaza miezi tisa. Ingekuwa hukuniandikia lile neno lako la mwizi, pengine ningekutafutia huyo mchumba, nikacheza ngoma kwenye harusi yako.

Jumapili iliyopita nilikwenda Nungwi. Riyama anafanya kazi ya kufua kwenye hoteli moja ya pwani. Nilimkuta anaanika mashuka ya wageni, na hakuacha kuanika kwa sababu yangu. Kawthar hajambo, ameshang'oka jino la mbele, anakaa na bibi yake. Nilimwambia Riyama kuwa nimekuja kuomba radhi na kwamba ntakuandikia wewe kila kitu. Aliniacha nimalize. Akasema alijua tangu siku ile uliyompigia, kwa kuwa kadi haikupita mkono mwengine, na kwamba miezi yote hii alikuwa akiniombea niseme mwenyewe, kisha ilipofika Ramadhani akachoka. Akanambia kama kweli nataka kusema, nianze kwa baba yake, kwa sababu kwake ndiko alikorudi na jina baya.

Nikaenda. Mzee Msabah alinikaribisha kwa heshima, akanipa maji. Nilimweleza mbele ya ndugu zake wawili, sikuficha kitu. Aliposikiliza yote aliniuliza swali moja tu, mwaka jana nilikuwa na umri gani. Nikamwambia ishirini na saba.

"Basi ulikuwa mtu mzima," akasema, akainuka kwenda kusali.

Nilirudi tena kwa Riyama kumuaga. Nilimwuliza kama wewe ukija mwezi wa saba, ukamwomba msamaha mbele ya watu, atakubali kurudi. Hapo akaweka chini kapu la nguo. Alinambia ameposwa na Masoud, fundi wa mashine za boti, mtu mwenye watoto wawili aliyefiwa na mkewe. Amemkubali, na nikahi ni Ijumaa ya tarehe kumi na nane. Bi Shemsa, atakayekuletea barua hii, anarejea Maskati tarehe ishirini. Barua hii ikikufika mkononi, Riyama atakuwa mke wa mtu. Ningeweza kukupigia simu leo. Nilimwambia hivyo, akanikataza. Alisema hataki kurudishwa na mtu aliyekuja mbio kwa kuhofia kuwahiwa.

Bi mkubwa nilimwambia jana. Hakunipiga wala hakunilaani, bora angefanya moja. Alichukua mtandio wake akaenda kwa Bi Mwanakhamis, na tangu jana chakula chake anakula huko. Kwa Mkadam nshaaga, ntamaliza mwezi. Nimepata kazi ya kibarua katika shamba la karafuu Kizimbani, na kila mwisho wa mwezi ntakuwa nakulipa kidogo kidogo. Zile fedha zako za mahari nimezirudisha, zimo ndani ya bahasha hii, kamili. Kutafuta mchumba mtume mwengine.

Usinisamehe kwa haraka, na ukitaka usinisamehe kabisa. Ila Kawthar ni wako, mtumie matumizi yake kwa mkono wa babu yake, usipitishie kwangu.

Salamu zangu zifike kwa wote mnaokaa pamoja, na Mungu akulinde ugenini. Ningeishia hapa, lakini Riyama alinipa maneno nikuletee na nimemwahidi kuwa sitayapunguza. Alisema: "Mwandikie. Na umwambie, mimi nilimjibu ukweli siku ile ile. Wewe ulimdanganya mara moja tu, na yeye hakuniuliza mara ya pili."

Mdogo wako,
Talal