Ndikuriyo ameifunga amplifaya

Yuster na Pius,

Maharage yako jikoni, ongezeni chumvi. Kuku wafungieni mapema. Ile amplifaya ya gitaa ~~msiiguse~~ basi iwasheni, ila subirini zile taa za kioo za ndani ziwe nyekundu kwanza, ndipo mpige.

Ndiyo, imepona. Mlipokwenda shule Ndikuriyo alikuja, akapachika taa iliyobaki, akakaza skrubu zote. Nikamwambia, "Wewe fundi wa Burundi, si kila siku ulisema kuna waya umekatika?" Akacheka. "Mama Yuster, ilipona zamani. Ningeifunga, ningekuja hapa kwa sababu gani?"

Hata mimi nilishajua. Nikanyamaza, maana akishika bisibisi tu majirani wanajaa, na umbea wa Nyamiaga nzima naupata nikiwa nimekaa.

Leo lori linawatoa wakimbizi kambini Lukole kuwarudisha kwao, naye jina lake limeitwa. Nilipoingia jikoni kumtilia uji, akaondoka. Hakusubiri kusindikizwa. Mgeni wa nyumba hii hajawahi kutoka hivyo, hata yule shangazi yenu mgomvi.

Sijalia. Nimeosha vikombe, nikaviosha tena. Sasa namfuata Lukole nimsindikize, hata kama ni hatua chache hadi kwenye lori.

Jioni watu watakuja kuuliza fundi amefikia wapi. Wapeni viti. Mimi sijui tutazungumza nini.

Mama yenu