Uliposema Mmepungua

Milimani Usambara
Jumapili, 6 Oktoba 1907

Mke wangu,

Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke Lipangalala, nimefungwa kamba moja na wenzangu, mateka wa Wajerumani baada ya vita. Nakusalimu sana. Mama nampa shikamoo yake. Ningeuliza habari za afya zenu, lakini safari hii naogopa kuuliza, na sababu yake nitaieleza. Mwalimu, wewe unayemsomea mke wangu, nakuomba usome polepole, wala usiruke neno kwa kumhurumia.

Mimi ni mzima. Kazi ya kuvunja mawe ya barabara niliiacha mwezi wa tano. Sasa niko kwa Bwana Mganga, daktari wa Kizungu mwenye nyumba ya wagonjwa huku juu kwenye baridi. Alitaka mtu anayejua kusoma tarakimu, na ile miaka yangu miwili ya shule ya misheni ikaniokoa. Ana mgonjwa mmoja, Mzungu wa shamba la kahawa, na ugonjwa wake hutaamini. Anaumwa unene. Mafuta yameubana moyo, akipanda ngazi tatu anahema kama kiboko aliyeibuka majini. Ndiyo maana nikampa jina la Bwana Kiboko. Mzee Rajabu, mpishi wetu, mtu wa pwani, akaniuliza, "Kiboko gani, wa mtoni au wa mgongoni?" Nikamwambia wa mtoni, wa kwetu Kilombero. "Afadhali," akasema. "Yule wa mgongoni hapungui."

Kila asubuhi namsimamisha juu ya mizani, ile ya kupimia magunia ya kahawa. Nasoma namba, Bwana Mganga anaiandika kwenye daftari. Kisha anamsikiliza moyo, na kumpangia chakula cha siku: nyama iliyochemshwa bila mafuta, majani, kipande kimoja cha mkate. Siagi hapana, sukari hapana, pombe hapana. Baada ya hapo nampandisha mlima kwa miguu, mimi nyuma yake na fimbo na maji. Tukirudi anaviringishwa mablanketi mpaka atoke jasho. Namba ikishuka Bwana Mganga anapiga makofi: "Amepungua! Vizuri sana, amepungua!" Nyumba nzima inafurahi. Neno hilo nimelisikia kila siku kwa miezi mitano, na kila siku ni habari njema.

Na chakula anachokatazwa yeye, nani anakila? Mimi na Rajabu. Sikufichi. Siku moja Bwana Mganga alinipandisha mimi kwenye mizani kwa mzaha, akacheka sana. Nimenenepa, mke wangu. Mashavu yamejaa. Kwetu mtu angenisifu. Mimi nilishuka pale nikaenda kukaa nyuma ya banda la kuni.

Mapema mwezi wa nane ikaja barua yako, aliyokuandikia Mwalimu. Ulisema, "Huku nyumbani tumepungua, lakini tupo." Niliisoma nimesimama kando ya ile mizani. Nikaona mbavu, nikaona mikono imekuwa myembamba. Niliumia, lakini nikajiambia ni mwili tu, na mwili hurudi. Nikakujibu siku ileile. Nakumbuka nilivyoandika: "Kupungua si neno, nikirudi mtajaa tena." Barua hiyo nakuomba uichome. Kama alikusomea mbele ya watu, niombee radhi kwao. Sikujua nilichokuwa nakijibu.

Aliyenifumbua macho ni Tadei, yule wa Masagati aliyekuwa akituletea samaki wakavu. Alifika hapa wiki tatu zilizopita, amebeba masanduku ya dawa. Nilimkaribisha jikoni, nikamuuliza habari za bondeni, nikamwambia nimepata barua, watu wangu wamepungua kidogo lakini wapo. Akaacha kutafuna.

"Nani kakwambia wamepungua?"

"Mke wangu."

"Na wewe ukaelewaje?"

Nikamweleza. Akanitazama mashavu, kisha akatazama chini. "Kasiani, ndugu yangu, kule sasa kupungua si kwa mwili. Ni kwa hesabu."

Nikamkamata mkono. Nani? Hajui. Alipita ng'ambo ya mto, kwetu hakufika. Alisema tu kwamba njiani nyumba nyingi hazina moshi, na wengine wameondolewa na ndiga, zile za porini zenye sumu, walizokula kabla hazijalowekwa za kutosha, kwa njaa.

Nikaitoa barua yako, nikaisoma upya. Mama ananisalimu. Getruda wetu mdogo ananisalimu. Mwisho umetia jina: "Mke wako, Paulina." Tangu tumpate mtoto wetu wa kwanza umekuwa ukijiita mama wa fulani, kwa jina lake. Safari hii hukulitia, wala salamu zake hazimo. Ndiyo maana mimi nami juu ya barua hii nimeandika "mke wangu" tu. Mkono ulikataa lile jina jingine.

Nilikwenda kwa Bwana Mganga kuomba ruhusa. Akasema nitaondoka siku Bwana Kiboko atakapofunga mkanda wake wa zamani kwenye tundu la mwisho, si kabla. Hapo nikaliona kosa langu la pili. Mara nyingi yule bwana alikuwa akinibembeleza njiani: "Kasiani, leta mkate. Kidogo tu. Mimi nakufa njaa." Nami nilimpa, kwa siri, nikiuficha ndani ya shati. Kwetu mtu akikwambia ana njaa unampa, humuulizi kiuno chake. Namba ikapanda, Bwana Mganga akamwongezea mwezi. Kumbe mwezi huo nilijiongezea mwenyewe.

Siku ya pili yake aliomba tena. Nikamwambia, "Leo hakuna, Bwana."

"Wewe roho mbaya."

"Ndiyo, Bwana. Pungua, nami niende kwetu. Kwetu kuna njaa."

Akauliza, "Njaa ya nini?" Nikamnyooshea njia kwa fimbo. Waliochoma maghala yetu anawajua kuliko mimi. Akapanda mlima bila kusimama. Mkate hakuomba tena.

Jana mkanda umefunga.

Msalimie mama, mwambie namletea blanketi. Msalimie kaka yako mkubwa aliyebaki na jembe langu. Mpe salamu mama mkwe, na Mwalimu mwenyewe. Getruda mbebe mgongoni siku moja kwa ajili yangu. Na mwingine, kama yupo, mwambie baba yake anajua kusoma mpaka namba za mizani.

Usinijibu. Barua itapishana nami njiani. Tadei anatangulia na hii kesho, mimi natoka Jumamosi na mzigo wa mbegu za mahindi na maharage, Rajabu kanifungia. Natumaini kufika katikati ya mwezi wa kumi na moja, kabla mvua hazijajaza mto Lumemo. Ukisikia nimefika karibu, waliopo wote waje kivukoni, wasimame ukingoni, hata asiyeweza kutembea abebwe. Usimtume mtu anilaki njiani na habari. Usiniambie nimenenepa. Nitahesabu mwenyewe nikiwa bado ng'ambo, kisha nitavuka.

Mumeo,
Kasiani