Kibuyu cha Posa na Vidonge vya Jino

Jumatatu, 9 Juni

Naandika kwa sababu mbili. Daktari wa meno ameniagiza niweke kumbukumbu ya kila dozi. Pili, najifahamu: nisichokiandika hukipindisha.

Gego la chini, upande wa kulia, limeng'olewa leo saa nne asubuhi katika kliniki moja huko Themi. Mzizi mmoja ulikatika, ukatolewa vipande vipande. Nimepewa dawa mbili: kapsuli za amoksilini na vidonge vya metronidazo, vyote mara tatu kwa siku kwa siku tano. Saa moja asubuhi, saa tisa alasiri, saa tano usiku. Daktari, mama wa makamo asiyecheka ovyo, alisisitiza nimalize hata nikijiona nimepona. Tena pombe nisiguse hadi siku tatu zipite baada ya kidonge cha mwisho cha metronidazo.

Niliitikia. Sikumwambia kuhusu Jumamosi.

Jumanne, 10 Juni

Dozi zote tatu, kwa wakati. Uji kwa kijiko. Ladha ya chuma mdomoni. Shavu limevimba, ofisini niliandika ripoti bila kuinua uso.

Sasa niieleze Jumamosi. Kaka yangu Elisante anataka kumwoa Naserian wa Kisongo. Wazee wetu watakwenda kupeleka posa, na baba mdogo ameniteua mimi kuwa msemaji. Mimi, mdogo kuliko wote, kwa sababu ya shahada yangu. Ni heshima ambayo sikuitarajia kabla ya miaka arobaini. Hotuba ninayo: kurasa mbili, zimepangwa.

Tatizo ni kibuyu. Nyumba ile ina desturi yake: msemaji wa wageni hunywa wa kwanza pombe ya wenyeji. Asiyekunywa huhesabiwa amekuja na jambo la kuficha. Mwaka jana ujumbe wa ukoo mwingine ulirudishwa na posa yake kwa kosa hilohilo. Elisante amemsubiri Naserian miaka minne.

Jumatano, 11 Juni

Nimeamka sina maumivu. Uvimbe umekwisha. Nimemeza dozi ya asubuhi, kisha nikakaa na kalenda.

Kidonge cha mwisho cha metronidazo leo saa moja. Posa Jumamosi saa nne. Siku tatu kamili, na saa tatu za ziada. Amoksilini naendelea nayo, kwa hiyo siachi tiba, naipunguza tu. Hesabu imekubali.

Saa tisa nimemeza kapsuli peke yake. Vidonge nimevifungia kwenye droo.

Alhamisi, 12 Juni

Kapsuli tatu. Baridi kali, mlima Meru haujaonekana tangu asubuhi. Nimekariri hotuba nikitembea Ngarenaro, mafundi wakanitazama.

Baba mdogo alipiga simu. "Msomi, suti usivae, utawatisha watu. Na kile kibuyu ukishike kwa mikono miwili."

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Sikuitumia. Nikisema, atamweka binamu yangu mahali pangu. Hiyo ndiyo sababu, na siipendi.

Jioni kidonda kinapwita. Nimejiambia ni baridi.

Ijumaa, 13 Juni

Si baridi. Nimeamka shavu limejaa, taya halifunguki zaidi ya upana wa kidole. Homa. Harufu mbaya mdomoni. Niliogopa kweli.

Kliniki, saa mbili. Daktari aliangalia, akauliza dawa nimezimezaje. Nikamwonyesha daftari hili, maana mdomo ulikuwa hausaidii. Alisoma ukurasa wa Jumatano taratibu.

"Hesabu nzuri," alisema. "Wadudu hawakuisoma."

Alitoa usaha, akasafisha shimo. Nilishika kiti kwa mikono yote miwili. Metronidazo upya, siku tano kamili. Pombe, hata tone, marufuku.

Mchana niliwaza kugusisha midomo tu na kujifanya nimemeza. Nikaona aibu: kuanza undugu kwa kuigiza. Nimempigia Elisante na kumwambia yote. Akasema, "Ungenieleza Jumatatu, mdogo wangu." Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Baba mdogo alifoka kwa niaba yake. Hata hivyo msemaji hakubadilishwa. Jina langu lilikwisha kupelekwa Kisongo.

Jumamosi, 14 Juni

Dozi ya saa moja nimemeza. Homa imeshuka.

Tulipokewa vizuri. Kibuyu kililetwa kabla sijatamka neno la hotuba. Nilisimama, nikasema shikamoo kwa wazee wote, kisha nikasema ukweli: nimeng'olewa jino, nameza dawa isiyokubaliana na pombe, niliikatisha ili ninywe kwao, na nikaugua zaidi. Sikunuia kuwadharau. Sentensi nne, kwa taya lisilofunguka. Baba yake Naserian aliutazama mlango. Elisante aliinamisha kichwa.

Bibi yake Naserian ndiye aliyezungumza kwanza. "Njoo hapa, wewe. Panua mdomo."

Nilipiga magoti mbele yake. Aliomba tochi ya simu, akanishika kidevu, akalivuta shavu pembeni kwa kidole, akachungulia kwa utulivu zaidi kuliko daktari.

"Shimo lipo," aliwatangazia. "Tena kubwa. Huyu hadanganyi."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Na sisi tulidhani mlokole!" Nyumba nzima ikacheka, baba mdogo akazidi wote.

"Mpeni maziwa," bibi akasema. "Mtu aliyetaka kujiua kwa ajili ya pombe yetu, tumfanyeje?"

Nilikunywa maziwa wa kwanza, kwa mikono miwili, nusu yakinimwagikia shatini. Posa ikapokelewa. Hotuba ilibaki mfukoni. Sikuisikitikia.

Jumapili, 15 Juni

Dozi ya asubuhi na ya alasiri tayari. Taya linafunguka vidole viwili. Nimekula ndizi laini, nikashiba kwa mara ya kwanza wiki hii.

Mlima umefunguka wote leo. Nimekaa nje nikiutazama, bila kukariri chochote.

Elisante amenitumia ujumbe: wazee wa Kisongo wamekubali tarehe ya kuzungumzia mahari, na bibi amesema aje yule mwenye shimo. Jumamosi, 28 Juni, saa nne asubuhi.