Majani ya Baba Mkwe na Utumbo Wangu

Jumamosi, mwishoni mwa Mei. Tukuyu.

Ukungu umeshuka tangu alfajiri, na nguo nilizoanika Alhamisi bado mbichi. Siku kama hii huwa nanuna mpaka jioni. Leo naimba. Neema, binti yangu, amefunga mlango wa jikoni kwa sababu ya sauti yangu.

Sina saratani.

Naandika tena nione inavyokaa: sina saratani.

Wanaonisoma siku nyingi wanajua kuwa utumbo wangu mpana una vidonda visivyoisha, na huu ni mwaka wa tisa. Vinapoa, vinarudi. Daktari aliniambia mapema kwamba utumbo ukivimba na kupoa, ukavimba tena na kupoa, mwisho seli zake zinaweza kuharibika na saratani ikaanzia hapo. Ndiyo maana naitwa Mbeya kila baada ya muda kupimwa kwa kamera. Safari hii walikata vinyama vidogo wakapeleka maabara, nami nikarudi nyumbani kusubiri wiki mbili. Nikafundisha mmeng'enyo wa chakula kidato cha pili huku vipande vya utumbo wangu vikiwa kwenye chupa. Wanafunzi walidhani nina hasira nao.

Ila nilikuwa na siri pia, na leo naitoa.

Baba mkwe wangu anaishi Lufingo. Mimi nimetoka Singida, nimeolewa na Ambakisye miaka kumi na moja, na sijawahi kukaa meza moja na baba yake. Kwa Wanyakyusa wa umri wake, mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso wala hawasemeshani. Ni heshima. Nikimwona kwa mbali naingia kwenye migomba mpaka apite. Mwanzoni nilichukia sana. Siku hizi naingia tu, na nadhani mzee anaujua mgongo wangu kuliko sura yangu.

Aliposikia naumwa, akaanza kuniletea kikapu kila Jumamosi. Anakiweka nyuma ya jiko, anakohoa mara mbili, anaondoka. Nikisikia kikohozi nakaa ndani. Huwa ni ndizi mbichi za kupika, maharage, majani ya maboga. Mwezi wa tatu kikaja na parachichi, na juu na chini yake majani ya mparachichi yaliyopangwa vizuri, mabichi kabisa.

Mtu mwingine angeuliza. Mimi nimuulize nani, ukuta? Ningeweza kumuuliza mama mkwe, lakini niliona aibu. Mzee wa watu kaniletea dawa kimyakimya, nianze kumhoji?

Nikaingia mtandaoni. Nikasoma kwamba kemikali za mimea zikifika utumboni, bakteria wanazivunjavunja na kutengeneza vitu vinavyopunguza uvimbe. Nikasoma habari za panya wa maabara waliopata nafuu. Mwalimu wa baiolojia mzima nikasahau kwamba mimi si panya, na kwamba hakuna mahali walipotaja majani yangu. Nikayachemsha. Nikanywa asubuhi na jioni, machungu hayo! Na kwa kuwa nilijisikia vizuri, nikapunguza vidonge vyangu nusu.

Sikumwambia mtu. Hata Ambakisye.

Kwa hiyo wiki mbili za kusubiri nilikuwa najiambia kwamba majibu yakiwa mabaya, nimejitakia mwenyewe.

Jana daktari akafungua faili, akasema vinyama ni safi. Nililia, halafu nikaungama palepale. Yeye ni mama wa makamo, mpole, lakini aliweka kalamu chini.

"Mwalimu, umebahatika. Vidonge ndivyo vimekushikilia miaka yote hii. Ukivipunguza, vidonda vinaweza kurudi bila hata kuuma."

Nilipomtajia kikapu kizima, uso ukalegea. Akasema sehemu ya ndizi mbichi na maharage haimeng'enywi huku juu, inateremka mpaka kwa bakteria wa utumbo mpana, nao wakiila wanatengeneza kitu kinacholisha ukuta wa utumbo. Tumbo likiwa limetulia, nile. "Lakini hicho ni chakula, kinakaa pamoja na dawa. Na hayo majani, nani alikwambia ni dawa?"

Hakuna aliyeniambia.

Nilipofika stendi nikampigia mama mkwe.

"Gwe Mama Neema! Ndaga fijo, asante sana, Mungu ametenda!" Akalia, nami nikalia tena. Halafu nikajikaza nikamuuliza yale majani yalikuwa ya kutibu nini.

"Majani gani?"

"Ya mparachichi, mama. Yanayokuja kwenye kikapu."

"Yale? Si ya kutandikia! Baiskeli inaruka mno kwenye mawe, baba yako anatandika parachichi zisichubuke. Kwani umeyafanya nini?"

"Nimeyanywa, mama."

Alicheka mpaka salio likaisha. Usiku nikamwambia Ambakisye yote, vidonge na majani. Vidonge vilimkasirisha, akasema kabisa. Majani yakamshinda, akacheka akiwa bado amekasirika.

Na leo saa nne, kikohozi. Mara mbili, kama kawaida.

Nikasubiri hatua za kuondoka. Hazikuja. Nikasikia mtu anajizuia, kama anayebanwa na kicheko katikati ya ibada, halafu akashindwa. Baba mkwe alicheka kwa sauti nene inayokwaruza, akitulia anaanza upya. Miaka kumi na moja sikuwahi kukisikia kicheko chake. Nami nikaanza kucheka upande wangu, nimeegemea ukuta, machozi yananitoka. Tulicheka hivyo pamoja, ukuta katikati. Nampenda yule mzee. Sikuwa nimewahi kuliandika hilo.

Baiskeli ilipopotea nikatoka. Ndizi mbichi, maharage, parachichi sita.

Safari hii ametandika gazeti.

Kesho naanza na vidonge, dozi yote, ndipo nipike ndizi. Gazeti nimeliweka mbali na sufuria.