Ukungu wa Hestvik

Hestvik, wiki ya kukata majani

Mdogo wangu Steinar,

Salamu. Hujambo huko merikebuni? Sisi wazima, ila mama na kikohozi chake. Nachonga barua hii kwenye kijiti haraka, muuza chumvi anangoja mlangoni akupelekee. Mume wangu Brand kaitwa na mfalme wake, nawe uko na huyo mfalme mwingine, na wanasema mtakutana vitani hapa hapa ghubani. Ukimwona, geuza uso. Naye nimemwomba hivyo hivyo. Akacheka: "Shemeji yangu hajui hata kushika ngao, nimgeuzie uso wa nini?" Lakini alipofunga mkanda, alikosea tundu mara mbili.

Dada yako,
Ingunn

Merikebuni, kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Olaf

Shikamoo dada,

Mimi mzima, mbavu tu zinauma kwa kasia. Mwambie shemeji ngao naishika vizuri kuliko yeye anavyoshika kijiko cha uji. Ukungu umelala juu ya maji, hatujui bahari inaishia wapi. Tunawasikia wenzenu wakicheka, tunasikia na mbwa wao. Mmoja aliimba wimbo wa kukamulia mbuzi, nasi tukaitikia, mpaka mkuu wetu akatufokea. Nitageuza uso.

Mdogo wako,
Steinar

Kisiwani Sildoy, siku ya Mtakatifu Lavrans

Shikamoo dada,

Mama hajambo? Nauliza kwa woga. Tulipigana ndani ya ukungu na watu tusiowaona mpaka watuguse. Kisha nikaona mkono ukitoka majini, polepole, kama wa mtu anayeaga. Nikaushika. Alikuwa Brand, deraya yake ya chuma inamvuta chini. Wenzangu wakasema, "Mwachie, Steinar." Sikumwachia. Nilimlaza juu ya ubao, nikamsukuma uelekeo wa kwenu, akapotea kwenye weupe ule.

Tumeshindwa. Wenzangu waliosalia wananiita msaliti, na watu wa mfalme wenu wanatusaka kisiwa kwa kisiwa. Brand alifika? Naweza kuja nyumbani?

Mdogo wako,
Steinar

Hestvik, majani yameanza kuwa manjano

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Brand alifika. Mguu umevunjika, lakini anakula.

Watu wa mfalme walikuja, wakaketi mezani petu, wakauliza ndugu yangu yuko wapi. Brand akaweka kijiko chini, akasema, "Steinar nilimuua mwenyewe. Yuko chini ya bahari." Wakampigapiga begani kumpongeza, mkubwa wao akavua bangili akamvisha. Mimi nikaangua kilio, na sikujua kama nalia kwa uongo au kwa kweli.

Mama hatujamwambia kuwa u hai, uso wake haujui kuficha. Amekuombea misa ya wafu. Brand haongei sana siku hizi. Jana tu alisema, "Maji yalikuwa baridi, mkono wake ulikuwa wa moto."

Panda merikebu ya kwanza iendayo Aislandi, ujipe jina jingine. Usinijibu, Steinar. Aliyekufa hajibu. Na huko baridi ni kali kuliko hapa, ujifunike kifua.

Dada yako,
Ingunn