Neno Nililolimalizia Kichwani

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na goti la baba liwe limepata nafuu. Mimi mwili hauna neno; moyo ndio mzito, na sikutaka uzisikie habari hizi kwa abiria kabla hujazisoma kwa mkono wangu.

Unajua kazi yangu hapa stesheni ni kupokea simu za waya: chombo kinagonga, nami nasikiliza na kuandika herufi moja moja. Wiki tatu zilizopita ilikuja simu kutoka Tabora ya kumpa Salvatori, fundi wa njia ya reli hapa kwetu. Mkewe, Magdalena, alikuwa amekwenda kwao Ipuli, huko Tabora, kujifungua. Nikaandika: MAGDALENA AMEFARIKI. Nikahesabu maneno, yakatimia mawili, kama Tabora walivyosema. Nikampelekea mwenyewe na kumpa pole.

Salvatori akajibu kwa simu kwamba wamsubiri kuzika, atakuja na treni ya kesho. Mama yake mzazi, aliyekaa naye hapa na alikuwa akiugua kifua, aliposikia alijifunika shuka, akakataa chakula na dawa. Alfajiri akafa.

Saa tatu asubuhi Tabora wakauliza: MAGDALENA MZIMA NANI AMEKUFA. Kumbe walikuwa wametuma AMEFIKA.

Nilikwenda kwa Salvatori. Nikamwambia, "Salvatori, mkeo yu hai. Nimekosea mimi."

Akanitazama. "Ungeniambia jana," akasema, akarudi ndani alikolazwa mama yake.

Hakuna aliyesema kwamba simu yangu ndiyo iliyomuua bibi yule. Wala hakuna aliyesema siyo.

Bwana Stesheni, mkuu wetu, hakunifokea. Aliniuliza, "Katika neno lile ulisikia herufi ngapi?"

"Nne. Kisha likapita toroli kwa kelele."

"Zilizobaki ulizitoa wapi?"

"Kichwani, bwana. Nimeandika simu nyingi za misiba."

Nilidhani nitafukuzwa. Akasema akiniondoa mimi, atakayekuja naye ana kichwa cha kumalizia maneno. Sasa kila simu tunamrudia yote kwa waya aliyeituma, aithibitishe, na karani mwenzangu anaisoma kwa sauti kabla haijatoka dirishani. Kazi imekuwa ya polepole na watu wananung'unika. Juzi Salvatori alikuja kutuma salamu kwa mkewe. Nikamsomea. "Soma tena," akasema. Nilisoma mara tatu, naye amesimama tu, kofia mkononi.

Nisalimie baba, shemeji, na mama mdogo mshona kofia. Mwambie yangu bado naivaa.

Dada, toka hapo Gongoni hadi Ipuli si mbali. Nenda ukamwone Magdalena. Amepata binti, amempa jina la marehemu. Mwambie aliyeiandika simu ile ni mdogo wako. Usinitetee. Na lolote atakalojibu, niandikie kama alivyolisema, usipunguze wala usiongeze.

Ni mimi mdogo wako,
Rajabu